Gari Likifika kwa Fundi Linapona: Kusaka Hitilafu ya Umeme Inayokuja na Kupotea

Hitilafu ya umeme iliyo wazi haimtoi fundi jasho. Fyuzi imekatika, taa haiwaki, unatafuta kilichoikata, unarekebisha, mwenye gari anawasha na kwenda zake. Kasheshe ni ile inayokuja na kupotea. Gari limezima katikati ya mpando wa Kitonga huku malori yamejipanga nyuma, likakaa nusu saa, likawaka bila kuguswa, likafika Mbeya salama. Sasa liko gereji Mwanjelwa na linaunguruma vizuri kuliko magari yote yaliyolizunguka. Hapo ndipo wengi huanza kununua vifaa: wiki hii koili ya kutoa cheche, wiki ijayo pampu ya mafuta, mwisho wa mwezi betri. Kisha gari linazima tena.

Hitilafu za namna hii si bahati nasibu. Kila inapotokea, kuna kitu kimebadilika: baridi, joto, mtikisiko, maji, au mzigo wa umeme. Ukikijua kilichobadilika unaweza kukirudisha kwa makusudi, hitilafu ikaja ukiwa umeshika kipimo mkononi. Kabla ya hapo usinunue kitu. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna urahisi mmoja ambao mafundi wa Dar es Salaam hawana. Ukitoka Uyole alfajiri ya mwezi Juni ukashuka Tukuyu mpaka Kyela, ndani ya safari moja umelipitisha gari kwenye baridi, ukungu, pengine mvua, na joto la kando ya Ziwa Nyasa.

"Muda wowote" si jibu

Kazi huanza na maswali, na mteja asikasirike akiulizwa mengi. Mazungumzo huwa hivi:

"Fundi, gari inazima."

"Shikamoo mwalimu. Inazima ikiwa imepata moto au ikiwa bado ya baridi?"

"Marahaba. Aa, muda wowote tu."

"Jana ilizimia wapi?"

"Nashuka Kiwira, baada ya ile mvua."

"Na siku ya kwanza kabisa?"

"Siku ya kwanza... hata siku ile kulikuwa na mvua."

Huyo ameshatuokolea nusu ya kazi, na alikuwa hajui kama anajua. Muulize pia ni kitu gani kilifanyika kwenye gari muda mfupi kabla tatizo halijaanza: redio mpya, alamu, kifaa cha kufuatilia gari, injini kuoshwa kwa mashine ya presha, kioo cha mbele kubadilishwa, ajali ndogo iliyonyooshwa bodi. Mikono ya watu huharibu waya kuliko uzee.

Swali ambalo mimi siliachi ni hili: gari lilipozima, dashibodi ilionekanaje? Kama kila kitu kilikufa kwa pamoja, redio ikanyamaza na taa zikapotea, umeme wenyewe ulikatika. Tafuta kwenye vichwa vya betri, waya wa ethi unaorudisha umeme kwenye betri, fyuzi kubwa au swichi ya ufunguo. Kama injini ilikufa lakini redio iliendelea kuimba na taa za dashibodi zikawaka, umeme wa jumla upo. Kilichokosekana ni kitu kimoja kinachoihusu injini, yaani sensa (kifaa kinachoipa kompyuta ya injini taarifa), koili, pampu ya mafuta au rilei zake, zile swichi ndogo zinazoendeshwa na umeme.

Halafu mshale wa mzunguko wa injini. Ukianguka kwenye sifuri papo hapo wakati gari bado linatembea na gia imeingia, kompyuta ya injini imeacha kuiona injini ikizunguka, na mshukiwa wa kwanza ni sensa ya kranki, inayosoma mzunguko huo, au waya zake. Ukishuka taratibu pamoja na mwendo, sensa inafanya kazi, basi fikiria mafuta. Dereva aliyeangalia hilo kwa sekunde mbili tu anakupunguzia siku nzima ya kubahatisha. Mwambie akiondoka aangalie, kwa sababu hitilafu itarudi.

Pima kwa mashine kabla hujagusa betri

Kuna tabia ya kuchomoa betri kama hatua ya kwanza. Acha. Magari mengi hupoteza kumbukumbu ya hitilafu ukichomoa betri, na hiyo kumbukumbu ndiyo ushahidi pekee ulionao. Chomeka kwanza mashine ya kupimia, andika namba zote za hitilafu, na kama mashine yako inaonyesha hali ya gari wakati hitilafu inatokea, yaani joto la injini, mwendo na mzunguko, ipige picha kwa simu. Gari lililozima injini ikiwa na nyuzi 95 na lililozima ikiwa na nyuzi 20 yana kesi mbili tofauti.

Namba hutaja njia ya umeme tu, kifaa chenyewe kinaweza kuwa kizima. P0335 inasema njia ya sensa ya kranki ina tatizo. Inaweza kuwa sensa, soketi yake, au waya uliochunika njiani ukagusa chuma. Nimeona sensa mpya zikifungwa moja baada ya nyingine kwenye gari ambalo shida yake ni pini iliyolegea.

Vifaa vya kazi si vingi: multimita ya kupimia umeme, balbu ya indiketa ya wati 21 iliyoungwa waya mbili ndefu, tochi, msasa laini, brashi ya waya, na kichupa cha kupulizia maji. Hiyo balbu usiidharau. Multimita haivuti umeme wa kutosha, kwa hiyo waya uliooza ndani utakuonyesha volti 12 kamili na kukudanganya. Ukiweka balbu mahali palepale, waya ule hauwezi kuibeba. Balbu inawaka kwa kufifia au haiwaki kabisa. Lakini balbu hii ni ya waya za taa, honi, pampu na mota tu. Usiipeleke kwenye waya za sensa wala za kompyuta, utaunguza kitu cha bei mbaya.

Inagoma asubuhi ya baridi, saa nne inawaka

Juni na Julai usiku wa Mbeya, Njombe na Makete hushuka chini ya nyuzi 10, na kule Kitulo umande huganda. Betri ikipoa nguvu yake ya kusukuma stata hupungua, na wakati huohuo oili imekuwa nzito, kwa hiyo stata inahitaji nguvu zaidi. Betri iliyokuwa inajikongoja mwezi Machi inaumbuka mwezi Juni.

Ipime alfajiri kabla hujafungua hata mlango. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.4 si mbaya, 12.2 imebaki kama nusu, na 12.0 au chini yake irudishe chaji kwanza kabla ya kuhukumu kitu kingine chochote. Kisha mtu apige stata wewe ukiangalia kipimo. Ikishuka chini ya 9.6 hivi, ama betri imechoka ama stata inakula umeme kupita kiasi. Gari likishawaka unatarajia kuona kati ya 13.8 na 14.5, ingawa baadhi ya magari mapya hupunguza chaji kwa makusudi betri ikijaa.

Sasa sehemu ambayo mafundi wengi huiruka, nayo ndiyo yenye majibu mengi kuliko zote: ethi. Umeme unaotoka chanya ya betri lazima urudi hasi, na njia yake ya kurudi ni waya mweusi unaokwenda kwenye bodi na kwenye injini. Kutu au rangi ikijipenyeza chini ya bolti yake, gari linakuwa na tabia za ajabu. Kuiangalia kwa macho haitoshi. Weka multimita kwenye volti za betri, ncha nyeusi kwenye kichwa chenyewe cha hasi cha betri, ncha nyekundu kwenye chuma tupu cha injini. Gia iwe P au N, breki ya mkono juu, mtu apige stata. Ukisoma 0.1 au 0.2, njia ni nzuri. Ukisoma nusu volti na kuendelea, umeme unapotelea hapo. Fungua bolti, sugua mpaka chuma ing'ae, funga. Upande wa chanya upime vivyo hivyo, kutoka kichwa cha betri mpaka bolti nene ya stata.

Huna multimita? Chukua waya wa kubustia, bana ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, mbali na mkanda na feni. Gari lililokuwa linagoma likiwaka kwa nguvu, mshtakiwa ni ethi, na hujatumia hata shilingi.

Kama stata inapiga "ta!" mara moja bila kuzungusha, unarudia mara tano, ya sita inawaka, na taa hazififii sana kila unapojaribu, angalia vishaba vya ndani ya swichi ya stata. Kwenye stata nyingi za magari ya Kijapani vishaba hivyo huliwa upande mmoja, na hubadilishwa peke yake kwa gharama ndogo. Wanaokuambia ununue stata nzima waulize kwanza kama wameifungua. Na kama stata iko kimya kabisa, hata hiyo "ta!" haipo, jaribu kuwasha gia ikiwa N badala ya P. Ikiwaka hapo, swichi ya gia ndiyo inayolegalega.

Inazima ikishapata moto, ikipoa inawaka

Hii ndiyo hitilafu ya Kitonga, na ndiyo ya wanaoshuka bonde la Usangu mchana wa Oktoba. Chuma hutanuka kikipata joto. Uzi mwembamba uliopasuka ndani ya sensa, koili au rilei huachana, kifaa kikipoa nyuzi zinakutana tena. Ndiyo maana nusu saa ya kungoja "hutibu".

Sensa ya kranki inaongoza. Dalili yake: stata inazungusha vizuri, gari haliwaki, na mshale wa mzunguko haunyanyuki hata kidogo wakati wa kupiga stata. Mashine ya kupimia nayo itaonyesha mzunguko sifuri. Kwenye injini ambazo sensa inafikika kwa mkono, loweka kitambaa kwa maji ya baridi uifunike sensa pekee kwa dakika chache, ukijihadhari na feni na bomba la moshi. Gari likiwaka mara baada ya hapo, kagua soketi na waya zake, kisha ndipo ufikirie sensa mpya.

Koili hutoa dalili nyingine. Injini haizimi, inamisi tu, yaani silinda inakosa kuchoma mafuta, ikipata moto na hasa ikibeba mzigo mlimani. Kama mashine inasema P0301, yaani silinda ya kwanza inamisi, hamishia koili ile silinda ya tatu uendeshe tena. Namba ikigeuka kuwa P0303, koili imejitaja. Ikibaki P0301, achana na koili. Tafuta kwenye plagi, waya au noseli. Kuhamisha ni bure, na ni ushahidi kuliko maneno.

Rilei nazo huchoka kwa ndani pale risasi ilipochomelewa. Fungua boksi la fyuzi, tafuta rilei yenye namba ileile na idadi ileile ya miguu, mara nyingi ya honi, ubadilishane na ya pampu ya mafuta. Endesha. Gari lisipozima ila honi ikaanza kususa mchana wa jua, umemaliza.

Pampu yenyewe isikilize. Ufunguo ukiwa umewasha dashibodi bila kupiga stata, kwenye magari mengi ya petroli utasikia mlio kwa sekunde kama mbili kutoka nyuma. Gari limezima na mlio huo haupo: pima kama umeme unafika kwenye soketi ya pampu, kwa balbu. Balbu ikiwaka vizuri na pampu iko kimya, pampu ni mbovu au ethi yake. Balbu isipowaka, rudi nyuma kwenye rilei na waya. Wale wanaotembea wiki nzima taa ya mafuta ikiwa imewaka wajue kwamba pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na petroli yenyewe, kwa hiyo tangi tupu linaichosha haraka.

Inasumbua kwenye matuta na rasta

Mtikisiko una raha yake kwa sababu unaweza kuurudisha gereji. Washa injini, mtu akae ndani akiangalia dashibodi, wewe anza kwenye betri. Tingisha vichwa vyake kwa mkono. Kichwa kinachozunguka kwa mkono hakijabanwa. Hakikisha betri yenyewe imefungwa kwa kibano chake. Gari linalokwenda Makete au Mufindi na betri iliyoshindiliwa kwa kipande cha ubao litaleta mambo. Kutoka hapo fuata fungu la waya sentimita chache chache: boksi la fyuzi, ethi ya bodi, soketi za koili, soketi za sensa, kila pembe ambapo waya zinapita kwenye chuma. Tingisha kwa vidole, pigapiga kwa mpini wa bisibisi. Usivute kama anayevuta kamba ya ng'ombe, utazalisha hitilafu ya pili kabla hujaipata ya kwanza. Mwenzako akisema "imestuka!", simama hapohapo, punguza eneo mpaka kibaki kidole kimoja.

Swichi ya ufunguo jaribu mapema. Injini ikiwa inaunguruma na gari limesimama, tikisa ufunguo kidogo bila kuuzungusha. Dashibodi ikipepesa au injini ikikohoa, swichi imelika. Angalia na kilichoning'inia humo: funguo za nyumba, duka, geti la shamba, na kikopo cha ukumbusho juu yake. Uzito wote huo unacheza kila tuta.

Pini za soketi ni uchunguzi wa kina zaidi. Pini ya kike ikitanuka, inashika leo na kesho haishiki. Mara nyingi aliyeitanua ni fundi aliyesukumia ncha nene ya multimita kwa mbele. Pima kwa nyuma ya soketi, kwa pini nyembamba inayopita kando ya waya. Ukipata pini ya kiume ya ukubwa uleule, iingize peke yake: inatakiwa ikaze kidogo. Ikiingia na kutoka bila kushikika, hapo ndipo kwenye shida. Na ukitoboa waya kwa sindano ili upime, ziba tundu hilo. Maji ya Rungwe hayasahau tundu.

Sehemu nyingine ni pale waya zinapokunjwa kila siku: kwenye mpira kati ya bodi na mlango wa dereva, na kwenye mpira wa mlango wa nyuma wa magari kama IST, Noah na Probox. Kwa nje waya ni mzima, ndani shaba imekatika. Ukiufungua mlango wa nyuma taa ya namba inazima, waipa ya nyuma inasusa, kufuli linajifunga na kujifungua. Toa mpira, vuta kila waya taratibu: ulio mzima hautanuki, uliokatika ndani unatanuka kama mpira mtupu. Usiunge palepale kwenye mkunjo kwa kuchomelea risasi, kwa sababu risasi hukakamaza waya nao utakatika pembeni ya kiungo. Ongeza kipande cha waya laini, viungo vyake viwe mbali na mkunjo.

Mvua ikinyesha mambo yanaanza

Wilaya ya Rungwe hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka sehemu nyingi, kwa hiyo gari linalolala Tukuyu linaishi maisha tofauti na la Rujewa. Anza chini ya kioo cha mbele. Magari yanayoegeshwa chini ya misindano au miparachichi hujaza majani kwenye mfereji uliopo chini ya waipa, maji yanakosa pa kutokea, yanaingia ndani kimya kimya na kudondokea kwenye boksi la fyuzi lililo chini ya dashibodi. Ingiza mkono chini ya zulia la miguuni. Likiwa na unyevu na hakuna aliyemwaga maji, umeshapata njia yao.

Kwenye soketi tafuta unga wa kijani. Huo ni shaba inayooza, na huwa hauishii kwenye pini. Husafiri ndani ya waya chini ya mpira. Kwangua mpira kidogo: shaba ikiwa nyeusi, kata mpaka uikute inayong'aa. Safisha pini kwa dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme na upake grisi ya silikoni kidogo kwenye mpira wa soketi. Grisi ya beringi usiipeleke huko.

Kuirudisha hitilafu ya maji ni rahisi. Injini ikiwa imewashwa, nyunyizia kwa kichupa eneo moja dogo, ngoja dakika kadhaa, hamia jingine, ukianzia chini kwenda juu. Ukimwagia injini nzima ndoo moja utajua kwamba maji yanaleta shida, jambo ambalo ulishalijua. Kwenye magari ya zamani yenye waya za plagi fanya hivyo usiku bila taa. Cheche za buluu zitakuonyesha waya uliochoka. Tazama na mashimo ya plagi, maana maji na oili ya injini vyote hupenda kukaa humo.

Betri inakufa gari likiwa limepaki

Siku tatu inawaka vizuri, ya nne imekauka. Kuna kitu kinakunywa umeme usiku, lakini si kila usiku. Zima kila kitu, funga milango, toa ufunguo, tenga waya wa hasi wa betri, na uweke multimita katikati ya waya huo na kichwa cha hasi kwa kutumia tundu la ampia 10. Usipige stata ikiwa hapo, utaunguza fyuzi ya kipimo. Subiri nusu saa hivi, kwa sababu kompyuta za gari huchelewa kulala. Magari mengi hutulia kwenye ampia 0.05 au chini. Ukikuta 0.5, hesabu ni nyepesi: ampia-saa 12 kwa siku, na betri ya 45 imemaliza zaidi ya nusu ndani ya siku mbili.

Toa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Fyuzi zikiisha na namba iko palepale, tenga waya mnene wa altaneta, inayochaji betri, maana dayodi iliyovuja humwaga umeme usiku kucha. Kwenye magari yetu, hata hivyo, mimi huanza na vilivyoongezwa: alamu, redio ya sokoni, spotilaiti, kifaa cha kufuatilia gari. Yale yaliyotoka Japani bado yana hata kile kiboksi cha malipo ya barabara za kwao, kinachomsalimia dereva wa Ilomba kwa Kijapani kila asubuhi. Chenyewe hakina kosa kubwa, ila aliyekiunga upya baada ya redio kubadilishwa huenda analo.

Taa zinapepesa, indiketa inawasha taa nyingine

Hapa sitakaa. Taa zinazofifia na kuongezeka injini ikiwa haijakanyagwa, pamoja na taa ya betri inayochungulia, ni altaneta: kaboni zimeisha au mkanda unateleza, hasa ukilowa. Ukigonga mgongo wa altaneta kidogo na chaji ikarudi, kaboni hizo. Indiketa inayowasha na taa ya breki kwa kufifia ni ethi ya taa za nyuma, karibu kila mara.

Na panya. Baada ya mavuno, magari yanayolala karibu na ghala la mahindi huwa na wageni. Mavi ya panya juu ya betri ni sababu tosha ya kukagua waya zote za juu ya injini.

Usiguse, usiongeze

Fyuzi ikikatika mara kwa mara usiweke kubwa zaidi, wala waya, wala karatasi ya sigara. Weka ile balbu ya wati 21 mahali pa fyuzi. Shoti ikiwepo balbu inawaka kwa nguvu na waya hauungui. Tingisha fungu la waya mpaka balbu izime au ififie, hapo ndipo panapogusa chuma. Usitumie njia hii kwenye fyuzi za ebegi, ile mifuko ya hewa ya ajali, wala za kompyuta.

Soketi za njano ni za ebegi. Usizipime kwa balbu wala multimita, na kabla ya kuzichomoa tenga betri na usubiri angalau sekunde 90. Waya za rangi ya chungwa kwenye magari ya haibridi hubeba umeme wa kuua. Waachie wenye mafunzo.

Kama bado haikamatiki

Kuna gari litakalokugomea hata baada ya joto, maji na matuta. Hapo usimng'ang'anie mteja gereji. Mfungie mashahidi aondoke nao. Chukua balbu mbili ndogo za dashibodi, unga moja kwenye waya wa umeme wa pampu ya mafuta baada ya rilei, nyingine kwenye waya wa umeme wa koili, kila moja ikilindwa na fyuzi ndogo. Zipitishe kwa usalama mpaka mbele ya dereva na uziandike kwa kalamu ipi ni ipi. Wakati gari linatembea zote zinawaka.

Siku gari litakapozima, dereva akishatoka barabarani na kuweka pembetatu, ana jambo moja la kukumbuka: ni ipi ilizima kabla injini haijafa. Ya pampu ikizima kabla injini haijafa na ya koili ikabaki, njia ya pampu ina kosa, anza kwenye rilei. Zikizima zote kwa pamoja, rudi kwenye swichi ya ufunguo au rilei kuu. Zikiwa zote zinawaka wakati injini inakufa, umeme unafika, hata kama ya pampu itazimwa na kompyuta mara baada ya hapo. Pima sensa ya kranki na shinikizo la mafuta. Akupigie simu akiwa bado barabarani, kabla hajajaribu kuwasha tena, umwulize na mshale wa mzunguko ulikuwa wapi.